Akili ya Barazani na Elimu ya Nafsi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Katika darsa zetu za baina ya magharibi na isha limekuwa likirejea swali moja, na kila lirejeapo huwagawanya wasikilizaji mafungu mawili. Swali lenyewe ni hili: Elimu ya nafsi isomeshwayo katika vyuo vikuu, ambayo wasomi wa leo huiita saikolojia, ina jambo gani la kutufunza ambalo akili ya mtu wa kawaida haikulijua tangu zamani? Fungu la kwanza, na wengi wao ni wazee wetu, husema kwamba haina jipya: ni maneno ya barazani yaliyovishwa suti na kupewa majina marefu. Fungu la pili, na wengi wao ni vijana waliotoka masomoni, husema kwamba maneno ya barazani ndiyo yasiyo na maana, na kwamba asiyesoma elimu hiyo hana haki ya kusema lolote juu ya hali za nafsi za watu. Sisi twaona kwamba mafungu yote mawili yamekosea, na kwamba kosa lao ni moja. Tutajaribu kulieleza kwa msaada wa Mwenyezi Mungu.

Wala asidhani msomaji kwamba huu ni ubishi wa kupitishia wakati. Tuchukue mfano ambao kila mtaa wa Mji wa Kale waujua, ikiwa ni Kibokoni, Kuze au Makadara. Kijana aliyekuwa mchangamfu amejifungia chumbani. Hali wala halali, kazi ameiacha, sala akiisali husali kama mtu aliyebeba mzigo. Habari ikifika barazani, wa kwanza husema: "Huyu ametiwa jicho." Wa pili husema: "La, ana jini, na apelekwe kwa mganga." Wa tatu husema: "Ni uvivu tu, vijana wa siku hizi wamedekezwa." Na wa nne husema: "Mwozeni, atapona." Kila mmoja asema kwa yakini, na hakuna hata mmoja aliyeingia chumbani akamuuliza kijana mwenyewe ana nini. Baada ya miezi, kijana ama amezidi kudhoofika, ama fedha za nyumba zimekwisha kwa mafusho na makombe, ama binti wa watu ameingizwa katika ndoa ambayo ndani yake hamna mume. Na pengine hutokea lililo baya kuliko hayo yote, kisha baraza ile ile ikasema: "Tulijua."

Basi neno tutakalolisema lahusu roho za watu, na yatupasa tulipime kwa uadilifu.

Twaanza kwa kuipa akili ya kawaida haki yake, maana ni kubwa. Wazee wetu hawakusoma saikolojia, lakini wamejua kuwapatanisha mume na mke waliokuwa hawasemezani. Wamejua ni wakati gani mtu aliyeghadhibika yafaa aachwe na ni wakati gani yafaa ashikwe mkono. Wamejua kwamba mfiwa hafai kuachwa peke yake siku za mwanzo. Maarifa hayo hayakutoka hewani, bali ni matunda ya kuishi na watu na kukosea na kujirekebisha, kizazi baada ya kizazi. Hata wanazuoni wa elimu ya nafsi wamelikiri hilo. Fritz Heider, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, aliandika mwaka 1958 kitabu kizima juu ya jinsi watu wanavyofahamiana, na msingi wa kazi yake ulikuwa kwamba mtu wa kawaida tayari ana elimu yake ya nafsi, nayo yampasa mwanachuoni aichunguze kabla ya kuidharau.

Na katika dini yetu mna ushahidi. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliwaona watu wa Madina wakiipandishia mitende, naye akatoa rai kwamba hadhani kama jambo hilo lafaa kitu. Wakaliacha, na matunda yakapungua. Alipoambiwa, aliwafahamisha kwamba ile ilikuwa ni rai yake katika jambo la dunia, na kwamba wao walikuwa wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Tazama jinsi ujuzi wa mkulima, uliothibitishwa na mavuno, ulivyopewa heshima yake. Basi nani leo, akiwa na shahada yoyote, atakayemwambia mama aliyelea watoto wanane kwamba hajui lolote katika malezi?

Lakini haki hiyo ina mpaka. Mkulima wa Madina hakuheshimiwa kwa kuwa alikuwa mzee au kwa kuwa sauti yake ilikuwa kubwa barazani. Aliheshimiwa kwa kuwa mtende ulimshuhudilia. Na mengi tunayoyaita akili ya kawaida hayajapata kupelekwa mbele ya mtende wowote. Twazo methali zetu, nazo ni hazina. Lakini tuzitazame kwa macho mawili. Twasema "Haraka haraka haina baraka," na twasema "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Twasema "Mtoto wa nyoka ni nyoka," na twasema "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Kijana wa mlevi akiwa mlevi, twatoa ile ya nyoka, akiwa mchamungu, twatoa ile ya malezi. Kwa njia hii hatuwezi kukosea kamwe, na jambo ambalo mtu hawezi kukosea ndani yake halimfunzi kitu. Methali hutupa maneno ya kulieleza lililokwisha kutokea; kutujulisha litakalotokea kesho kwa kijana huyu, hilo haliwezi.

Udhaifu huu si wetu peke yetu. Mwaka 1949 Paul Lazarsfeld wa Marekani aliandika juu ya uchunguzi mkubwa uliofanywa kwa wanajeshi wa nchi hiyo wakati wa vita vya pili vya dunia. Aliorodhesha mambo kadhaa kama kwamba ndiyo yaliyopatikana, likiwamo hili, kwamba wanajeshi waliosoma walisumbuliwa na nafsi zao zaidi kuliko wasiosoma. Msomaji akajiambia: "Hilo lajulikana, aliyesoma hufikiri mno." Kisha Lazarsfeld akafichua kwamba yote aliyoyataja yalikuwa kinyume cha yaliyopatikana: waliosumbuka zaidi walikuwa wale wasiosoma. Na lau angeyasema hayo tangu mwanzo, msomaji yule yule angesema: "Hilo nalo lajulikana." Basi neno "tulijua" si hujja. Mara nyingi hutujia baada ya tukio, kisha hudai kwamba lilikuwapo kabla yake.

Na hapa pia dini imetutangulia. Mwaka wa 10 wa Hijra alifariki Ibrahim, mwana mdogo wa Mtume (S.A.W.), na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema, kwa akili yao ya kawaida, kwamba jua limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Lau Mtume angekuwa mtu wa kutaka utukufu wa dunia, angelinyamaza. Lakini, naye yumo katika huzuni ya mwanawe, aliwafahamisha watu kwamba jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Mambo mawili yakikutana wakati mmoja, si lazima moja liwe sababu ya lingine. Somo hili lingetosha kuvunja nusu ya maneno ya barazani kwetu: jirani alisifu, kisha mtoto akaugua, basi ni jicho la jirani.

Sasa tuwageukie vijana wetu wasomi, maana huenda wamekwisha kufurahi. Twawauliza: Je, elimu ya nafsi ya vyuo imesalimika na dhana? Jawabu liko katika historia ya nchi yetu wenyewe. Hospitali ya maradhi ya akili ya Mathari, Nairobi, ilisimamiwa tangu 1938 hata 1950 na daktari wa serikali ya kikoloni, J. C. Carothers, ambaye alipoishika kazi hiyo hakuwa na mafunzo maalumu ya maradhi hayo. Mwaka 1951 aliandika katika jarida la kitaalamu kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake, na kwamba afanana na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka 1953 Shirika la Afya Ulimwenguni likachapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ikatoa ripoti yake juu ya Mau Mau, ambamo sababu za vita vile zilitafutwa zaidi katika nafsi za Wakikuyu kuliko katika ardhi waliyonyang'anywa.

Maneno hayo yalitoka wapi? Mkulima wa Kizungu katika baraza lake la jioni alikuwa akiyasema miaka mingi kabla ya Carothers. Yalikuwa ni akili ya kawaida ya watawala, imechukuliwa kama ilivyo na kuvishwa koti jeupe la daktari. Basi ewe kijana uliyesoma, unapomcheka babu yako kwa kumnasibisha mgonjwa na jini bila ya ushahidi, kumbuka kwamba wenye vitabu nao walimnasibisha babu yako huyo huyo na upungufu wa ubongo, bila ya ushahidi vile vile.

Na si makosa ya ukoloni peke yake. Katika mwaka 2001 Robert Sternberg na wenzake walitoa habari ya uchunguzi wao kwa watoto 85 wa Usenge, upande wa Ziwa Viktoria, wenye umri baina ya miaka 12 na 15. Waliwapima ujuzi wa miti ya dawa itumiwayo kwao, kisha wakawapima kwa mitihani ya namna ya shule. Ikadhihiri kwamba waliozijua dawa zaidi walielekea kupata alama ndogo zaidi katika mitihani ya maneno ya shule. Mtoto aliyezitumia siku zake kujifunza lile lililothaminiwa nyumbani hakubakiwa na siku hizo kwa lile lililothaminiwa darasani. Wajaluo wana maneno manne ya kuisifu akili ya mtu: rieko, luoro, paro na winjo, nayo hukusanya maarifa, heshima, fikira ya kuanzisha jambo na ufahamu wa kuyakabili mambo ya maisha. Mtihani wa shule wapima sehemu ya lile la kwanza tu. Mwenye kuuchukua mtihani huo akasema "huyu hana akili" amekosea, ingawa amehesabu sawasawa.

Huenda msomaji akauliza: Ikiwa baraza limekosea na chuo kimekosea, tushike lipi? Hapa ndipo lilipo kosa moja tulilolitaja mwanzo. Mafungu yote mawili yauliza "Nani kasema?" ilhali swali lipasalo kuulizwa ni "Kwa ushahidi gani?" Anayelifuata baraza kwa kuwa ni baraza, na anayekifuata kitabu kwa kuwa ni kitabu, wote wawili ni watu wa taqlidi. Na Mwenyezi Mungu katika Surat al-Israa ametukataza kulifuata tusilokuwa na ujuzi nalo, akatufahamisha kwamba masikio na macho na moyo vyote vitaulizwa.

Tofauti iliyopo baina ya elimu ya kweli na maneno ya barazani ni kwamba elimu ya kweli huweka mlango wa kukosolewa. Carothers alikosolewa na madaktari wengine kwa hujja, na miongoni mwao alikuwamo Mwafrika, Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria. Baraza lililosema "jini" miaka 20 iliyopita, na mgonjwa akafa, halijapata kukaa kujihesabu. Huo ndio ubora wa elimu, na wasomi wetu wana haki ya kujivunia huo, si shahada.

Lakini huyo Lambo alikuwa na somo la pili. Katika mwaka 1954 huko Aro, karibu na Abeokuta, alianzisha mpango wa kuwaweka wagonjwa wa akili katika nyumba za vijiji vilivyo jirani na hospitali, kila mgonjwa na jamaa yake. Mchana wakaja kutibiwa, jioni wakarudi kuishi na watu. Hakuikataa dawa ya hospitali, wala hakuikataa akili ya kawaida ya Waafrika isemayo kwamba mgonjwa asitengwe na watu wake. Aliyachukua yote mawili na kuyapima kwa matokeo.

Wala elimu hii si ya Wazungu hata tuiogope. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, yaani 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akazungumza ndani yake juu ya ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi. Alipambanua baina ya huzuni ijulikanayo sababu yake, kama kufiwa, na huzuni imshukiayo mtu bila ya sababu anayoijua. Kwa upande mwingine, Malik Badri wa Sudan, aliyefariki 2021, aliwaonya wanazuoni wenzake wa Kiislamu katika mwaka 1975 wasiwafuate wanazuoni wa Magharibi hadi ndani ya shimo la kenge, akiashiria ile hadithi mashuhuri. Na mwaka 1979 akalitolea jambo hilo kitabu. Hakusema elimu hiyo iachwe. Alikuwa mwalimu wake maisha yake yote. Alisema ichujwe. Na hii ndiyo njia aliyotuonyesha marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui hapa hapa Mombasa, katika Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932: tuchukue elimu yenye manufaa, tuache ada zenye madhara, na tusiwe watumwa wa kuiga.

Yabaki maneno mawili yasemwayo sana nasi hatuna budi kuyajibu. La kwanza ni kwamba mwenye sonona, yaani huzuni iliyogeuka kuwa maradhi, ana upungufu wa imani. Twamjibu asemaye hivyo kwa Surat Yusuf. Nabii Yaqub (A.S.) alihuzunika kwa mwanawe hata macho yake yakawa meupe, naye alikuwa Nabii. Ikiwa huzuni ilimpofusha Nabii na imani yake haikupungua, basi ni nani wewe umpimie jirani yako imani kwa machozi yake? La pili ni kwamba wenye kuwapeleka wagonjwa kwa daktari wamekanusha majini. La hasha. Majini wapo, kwa ushahidi wa Qurani. Lakini kuwapo kwa majini si ushahidi kwamba kijana huyu, katika chumba hiki, ameshikwa na jini, kama vile kuwapo kwa wezi si ushahidi kwamba jirani yako ni mwizi. Na Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, akatujulisha kwamba kila ugonjwa umeteremshiwa dawa yake.

Sheria ya nchi nayo yatupa funzo. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya kilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa ni mkosaji, na kiliweza kumtia gerezani hata miaka 2. Akili ya kawaida ilisema: adhabu itawatisha. Lakini mtu ambaye hofu ya mauti imemtoka, jela itamtisha nini? Adhabu ilichofanya ni kuwafanya jamaa wafiche, wasitafute msaada. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Sisi Waislamu twajua kwamba kujiua ni haramu, na hukumu hiyo haikulibadilisha hilo. Lakini uharamu wa kitendo ni jambo moja, na kumtibu aliyesukumwa nacho na maradhi ni jambo jingine; naye asiyepambanua baina yao humdhulumu mgonjwa kwa jina la dini.

Basi twarudi kwa yule kijana wa chumbani. Twamnasihi baba na mama waanze kwa kuketi naye na kumsikiliza kabla ya kumhukumu. Twamnasihi imamu amsomee Qurani na kumwombea, kisha amwambie baba yake wazi kwamba dua na daktari havigombani. Na kitengo cha maradhi hayo kiko ng'ambo tu ya kisiwa, katika hospitali ya Port Reitz. Na twamnasihi msomi wa saikolojia ajifunze lugha ya wagonjwa wake. Mtu wa Mji wa Kale hatasema "nina sonona." Atasema roho imemdhiki, moyo wamwenda mbio, kichwa kimejaa mawazo, na kwetu sisi neno "mawazo" likisemwa hivyo maana yake si fikira, ni dhiki. Daktari asiyelijua hilo atamuuliza mgonjwa kwa karatasi iliyofasiriwa, naye atajibiwa "mimi mzima," na wote wawili wataagana bila ya kufahamiana.

Wazee walete walichokiona, wasomi walete walichokipima, na wote wawili wakubali kuulizwa ushahidi. Lau hayo yangefanywa katika baraza moja tu ya mji huu, kijana mmoja angetoka chumbani akiwa hai, na hilo lingetutosha.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki na atujaalie kuifuata. Wallahu a'lam.